Kumbukumbu za Baraza: Nani Aliamua, na kwa Lugha Gani?

Kila mwanafunzi wa shule ya sekondari nchini huandika kumbukumbu za mkutano walau mara moja kabla hajamaliza masomo yake. Anajua kuwapanga waliohudhuria, waliotuma udhuru na waliokosa bila udhuru. Anajua kwamba mwishoni sharti pawepo nafasi ya mwenyekiti na katibu kutia sahihi na tarehe. Hufanya hayo yote kwa Kiswahili sanifu, akapewa alama zake, akaenda zake. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyo huyo akiisha kuwa mtu mzima, akataka kujua ni nini hasa kilichoamuliwa na wakubwa wa jiji lake kuhusu ada ya soko, maji ya mfereji au kiwanja cha shule, atakuta kumbukumbu zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa mtindo ambao hakuna mwalimu aliyepata kumwonyesha, na zimefungiwa katika ofisi ambayo hajui mlango wake uko wapi.

Nimefundisha isimu muda wa kutosha kujua kwamba mtaalamu wa lugha akianza kuzungumzia mabaraza ya miji, watu humwuliza yeye na siasa wana nini. Jibu langu ni fupi. Baraza ni taasisi ya maneno. Halichimbi mitaro wala halizoi taka. Hizo ni kazi za watumishi wake. Kazi ya baraza lenyewe ni kusema, na kusema kwake ndiko kutenda kwake. Maadamu mambo ni hivyo, mwenye kuyachunguza maneno ana haki ya kuuliza: baraza husema lini, kwa kinywa cha nani, na kwa lugha gani?

Mtu mmoja akiamua jambo, uamuzi hukaa moyoni mwake, na akiulizwa kesho ataueleza. Baraza halina moyo wala kichwa. Wajumbe 40 wakiketi pamoja huwa na nia 40, na kila mmoja hutoka nje akiwa na masimulizi yake juu ya yaliyopita ndani. Kwa sababu hiyo, katika mapokeo ya utawala wa miji tuliyorithi kutoka Uingereza, daftari lina uzito kuliko ulimi. Sheria ya Uingereza ya serikali za mitaa ya mwaka 1972, kwa mfano, inaagiza kwamba kumbukumbu ziandikwe daftarini, zitiwe sahihi na mwenye kuongoza kikao hicho au kikao kinachofuata, na zikiisha kutiwa sahihi zipokewe kuwa ushahidi bila ya kudaiwa uthibitisho mwingine. Diwani na aape kwa miungu yote kwamba hawakusema hivyo. Ukurasa wenye sahihi ndio utakaotangulia kusikizwa. Wahenga wetu hawakuwa na mabaraza ya namna hii, lakini jambo lenyewe walilifahamu waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Neno diwani lenyewe lina historia ya kuwafaa walimu wa Kiswahili. Lilitufikia kwa njia ya Kiarabu na Kiajemi, na huko maana yake ya kale ni daftari la majina na hesabu. Khalifa Umar, katika karne ya 7, alianzisha diwani yake ili kuorodhesha waliostahili kulipwa kutoka hazina. Kutoka daftari neno likahamia kwenye ofisi inayotunza daftari, kisha kwenye baraza linaloketi katika ofisi hiyo. Upande mwingine likashika maana ya mkusanyiko wa mashairi, ambayo kila mwanafunzi wa fasihi anaijua. Katika pwani yetu watawala wa Vumba Kuu walikuwa na cheo cha diwani karne nyingi kabla Nairobi haijawa hata kituo cha reli. Tangu mwaka 2013 wawakilishi wa wadi wana jina jipya la kisheria, lakini mitaani na magazetini diwani hajafa. Anayemwita mwakilishi wake kwa jina hilo anamwita, pasipo kujua, mtu wa daftari.

Tukumbushane kwanza mabaraza haya yalikotoka na yaliko sasa. Nairobi ilipata hadhi ya jiji mwaka 1950 kwa hati ya mfalme wa Uingereza. Baraza lake liliendelea baada ya uhuru, likavunjwa mwaka 1983 na mahali pake pakawekwa tume ya kuteuliwa hadi mwaka 1992, kisha madiwani wa kuchaguliwa wakarejea. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mfumo wote ule wa mabaraza ya miji ulikoma. Leo Nairobi na Mombasa ni majiji yaliyo pia kaunti, na maamuzi yao makubwa hupitia katika bunge la kaunti. Nairobi pekee ina wadi 85. Kisumu, Nakuru iliyopata hadhi ya jiji Desemba 2021, na Eldoret iliyoipata Agosti 2024, husimamiwa na bodi za majiji chini ya serikali za kaunti zao. Nitatumia neno baraza kwa vyombo hivi vyote, kwa kuwa mwananchi wa kawaida haoni tofauti anapotozwa ada.

Hebu tuifuate hoja moja kutoka mwanzo hadi mwisho katika bunge la kaunti. Mjumbe hutoa ilani ya hoja, nayo ikaorodheshwa katika ratiba ya shughuli. Siku ikifika, sharti akidi itimie: sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 inataka theluthi moja ya wajumbe wote wawepo. Mwenye hoja huiwasilisha, mwenzake akaiafiki, Spika akaisoma kwa kikao, na mjadala ukaanza. Akitokea mwenye kutaka kubadili maneno, marekebisho yake huamuliwa kwanza. Mjadala ukikoma, Spika huwataka wanaokubali waseme ndiyo na wanaokataa waseme la, akapima sauti kwa masikio yake, akatangaza ni upande gani ulioshinda. Wasioridhika wanaweza kudai wajumbe wagawanyike na kuhesabiwa kwa majina.

Tangazo hilo la Spika ni sentensi ya ajabu. Mwanafalsafa J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ya Harvard ya mwaka 1955 ilichapishwa mwaka 1962 baada ya kufa kwake, alionyesha kwamba ziko sentensi ambazo hazielezi jambo, zinalitenda. Anayesema "naahidi" hatoi habari za ahadi. Anaahidi papo hapo. Vivyo hivyo Spika anapotamka kwamba walioafiki wameshinda, hatangazi habari ya tukio lililokwisha kutokea. Kabla hajatamka palikuwa na kelele tu. Baada ya kutamka pana azimio. Lakini Austin alitukumbusha vilevile kwamba matamshi ya namna hii yana masharti. Spika akiyatamka maneno hayo hayo hotelini, au kitini pasipo akidi, hakuna lililotendeka.

Hapo ndipo karani anapoingia, na ndipo watu wengi wanapochanganya vitabu viwili. Kimoja ni taarifa rasmi ya mijadala, tunayoiita Hansard kwa jina la mpiga chapa wa London wa karne ya 19. Hiki huandika yaliyosemwa: vichekesho, makemeo, hoja za nidhamu na salamu za wageni. Kingine ni daftari la kura na shughuli, ambalo huandika yaliyotendwa: hoja fulani ililetwa na nani, ikarekebishwa vipi, ikaamuliwaje. Diwani anaweza kusema Kiswahili kitamu kwa saa nzima katika kitabu cha kwanza, na kisiwepo hata chembe cha Kiswahili hicho katika cha pili. Magazeti hunukuu cha kwanza. Mahakama na mtoza ada huhitaji cha pili.

Si kila lililoandikwa katika kitabu hicho cha pili ni uamuzi, na kosa la kudhani hivyo huwagharimu watu. Baraza linaweza kupokea ripoti. Maana yake ni kwamba ripoti imefika mezani. Linaweza kuitambua, maana yake ni kwamba imesomwa na kuwepo kwake kumejulikana. Linaweza kupendekeza, yaani kumshauri mwingine mwenye mamlaka. Linaweza kuidhinisha, ambako ni kutoa idhini kwa jambo lililoanzishwa na mwingine. Linaweza kuazimia, na hapo ndipo linapofunga nia yake lenyewe. Vitenzi hivi vitano havibadilishani nafasi. Cha tano kina uzito ambao cha pili hakina kabisa.

Miaka michache iliyopita, katika soko la mji ambao sitautaja, mama mmoja muuza mitumba alinisimamisha. Alinijua kwa kuwa nimepata kumfundisha mwanawe.

"Mwalimu," aliniambia, "hebu nisomee barua hii. Wanasema baraza limekwisha amua tuhame. Mwanangu kanisomea, lakini namwona kama anayaruka maneno."

Barua ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mmoja na nusu. Ilisema kwamba kufuatia kikao cha tarehe fulani, ambapo ripoti ya kamati kuhusu upanuzi wa barabara ilitambuliwa, wenye vibanda vya upande wa mashariki waondoke katika muda wa siku 14. Niliisoma mara mbili. Nikamwuliza kama kuna mwenzake aliyeliona azimio lenyewe.

"Azimio gani tena, mwalimu? Si ndilo hilo ulilolishika?"

Sivyo. Nililolishika ni barua ya afisa. Wenye vibanda waliwachagua watu watatu, wakaandika kwa Kiswahili kuomba nakala ya kumbukumbu za siku ile. Walipoipata, baada ya safari nne za ofisini, sentensi iliyolihusu soko lao ilikuwa moja tu: baraza lilikuwa limeitambua ripoti na kuirudisha kwa kamati ili ikapokee maoni ya wafanyabiashara. Hapakuwa na azimio la kumhamisha mtu yeyote. Amri ikasimamishwa. Lakini kufikia siku hiyo wenye vibanda 11 walikuwa wamekwisha vibomoa kwa mikono yao na kuziuza mbao, na mmoja wao alikuwa amerudi kijijini. Sijasikia kwamba kuna aliyewafidia.

Simdhanii afisa yule hila. Yamkini yeye pia aliona kitenzi cha kutambua akaelewa kukubali, kwa sababu lugha aliyoisomea kazi yake si lugha aliyoifikiria kazi hiyo. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Hila inaweza kushtakiwa. Kutoelewa kitenzi hakuna kifungu cha sheria cha kukishtaki.

Kuna walionijibu, nilipolitaja jambo hili mbele ya wasomi wenzangu, kwamba tatizo ni umaskini wa Kiswahili katika uwanja wa utawala. Nawauliza: umaskini upi? Chukueni kitendo cha baraza kuikubali ripoti ya kamati kuwa yake. Kiingereza hutumia kitenzi kile kile cha kumchukua mtoto wa mwingine kumlea kama wako. Sisi tuna kuasili kwa mtoto, kuridhia kwa mkataba, kuidhinisha kwa matumizi ya fedha, na kuazimia kwa nia ya kikao. Neno ninalolionea shaka ni moja tu, nalo ndilo tunalolipenda mno: kupitisha. Lina picha ya lango, na kinachopitishwa langoni huenda zake. Nimesoma taarifa nyingi zinazosema ripoti fulani imepitishwa, nikajiuliza kama imekubaliwa ama imepitishwa mbali.

Sarufi nayo ina zana ambazo hatuzitumii. Itazameni sentensi hii: "Marekebisho yaliletwa, yakajadiliwa, na ikapitishwa." Msomaji wa haraka ataona kosa la upatanisho. Si kosa. Kiambishi i- katika kitenzi cha mwisho kinarejelea hoja, na ya- katika vile viwili vya kwanza kinarejelea marekebisho. Karani anatuambia kwa silabi moja kwamba marekebisho hayakufaulu na hoja imepita kama ilivyoletwa. Angeandika "yakapitishwa," maana ingegeuka kabisa. Mfumo wetu wa ngeli, ambao wanafunzi huulalamikia kila muhula, ni mlinzi wa daftari. Sisemi karani aandike kwa mafumbo namna hiyo. Hoja itajwe kwa jina lake. Nasema tu kwamba lugha yenye uwezo huo haiwezi kuitwa maskini wa kuandikia maamuzi.

Palipo na udhaifu ni katika jinsi tunavyoifundisha. Kumbukumbu za shuleni hujaa kauli ya kutendwa na kiambishi -ka- cha masimulizi: suala likaletwa, likajadiliwa, ikakubaliwa. Ni mtindo wa hadithi. Tunajua lililofuata lipi, hatujui aliyelileta, aliyelipinga, wala waliolikubali walikuwa wangapi. Baya kuliko hilo ni ile sentensi ninayoikuta katika kazi za wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, waliyotoka nayo shuleni: "Wanachama walionelea kwamba kuna haja ya kuboresha usafi." Nani hapingi uchafu? Hiyo si azimio, ni dua. Hakuna aliyepewa kazi, hakuna tarehe, hakuna fedha, na mwaka ujao hakuna atakayeweza kuulizwa kwa nini haikutendeka. Linganisheni na hii niliyoitunga kwa mfano: "Baraza limeazimia, kwa kura 31 dhidi ya 22, kwamba ada ya kila siku ya kibanda katika soko hili iwe shilingi 50 kuanzia tarehe 1 Julai, na Katibu abandike tangazo sokoni siku 30 kabla ya tarehe hiyo." Mna mtenda, mna idadi, mna kitenzi chenye -me- cha tendo lililotimia, na mna dhamira tegemezi, iwe na abandike, inayoamuru. Mama wa mitumba angeielewa bila ya kumtafuta mwalimu.

Tumepata kulijaribu jambo hili katika ngazi ya juu, na matokeo yake yafaa kukumbukwa. Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba Bunge litumie Kiswahili. Wabunge wakasema Kiswahili, wengine kwa shida, wengine kwa umahiri uliowashangaza wapiga kura wao. Lakini miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mjadala ulikuwa wa lugha moja na kitu kilichojadiliwa kilikuwa cha lugha nyingine. Mwaka 1979 Kiingereza kikarejeshwa kando ya Kiswahili, na wengi wakalichukua tukio hilo kuwa ushahidi kwamba Kiswahili kimeshindwa. Kwa maoni yangu kilichoshindwa ni ule mpango wa kubadili ndimi na kuyaacha maandishi yalivyo. Tunaurudia hadi leo katika mabunge yetu 47: diwani huruhusiwa kusema Kiswahili, naye karani akalitia azimio katika Kiingereza.

Tangu mwaka 2010 hatuna tena kisingizio cha sheria. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kuendesha shughuli zake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Hata woga wa wanasheria kwamba matini mbili zitagongana umejibiwa: kifungu cha 120 kinasema matini za sheria ya Bunge zikihitilafiana katika lugha, iliyotiwa sahihi na Rais ndiyo itakayotawala. Kaunti inaweza kujiwekea kanuni kama hiyo kwa aya moja. Na msamiati upo. Mwaka 2019 Bunge la Taifa lilizindua Kanuni zake za Kudumu kwa Kiswahili. Ng'ambo ya mpaka, mabaraza ya madiwani ya Tanzania hujadili na kuandika kwa Kiswahili, yakithibitisha muhtasari wa kikao kilichopita na kuyapitia yatokanayo. (Wao husema muhtasari, sisi kumbukumbu. Mimi nalipenda letu zaidi, kwa kuwa muhtasari hukiri kwamba kuna yaliyoachwa nje.) Nisiwapambe majirani kupita kiasi: sheria zao nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza miaka mingi zikijadiliwa kwa Kiswahili, na ni mwaka 2021 tu walipoibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Lakini katika ngazi ya mji, mkazi wao akiiona karatasi ya baraza anaweza kuisoma.

Asije mtu akafikiri kwamba sahihi na mhuri vyatosha peke yake. Aprili 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyopasa. Mswada ulikuwa umepita hatua za bungeni, ukawa sheria, na bado ukaanguka. Fundisho la kesi hiyo kwa mwanaisimu ni kwamba masharti ya tamko la baraza hayaishii ukumbini. Wasikilizaji nao ni sehemu ya masharti hayo. Sasa fikirini mikutano ya kukusanya maoni inavyoendeshwa. Watu husema Kiswahili, au Kikamba, Kidholuo, Kigiryama, karani akaandika Kiingereza kwa kufupisha, ripoti ikapelekwa bungeni kwa Kiingereza, na hatimaye sheria ikatangazwa kwa Kiingereza katika Gazeti Rasmi, kwa kuwa kifungu cha 199 kinasema sheria ya kaunti haianzi kutumika pasipo kutangazwa humo. Mzee aliyesimama akasema jambo lake siku ya kwanza hana njia ya kujua kama ni jambo lake lililofika siku ya mwisho. Ameshirikishwa kwa mdomo, akatengwa kwa kalamu.

Gharama? Sidai Hansard nzima itafsiriwe. Kutafsiri vichekesho vya madiwani kungemaliza fedha za zahanati, na faida yake ni ndogo. Nataka sentensi moja: ile sentensi ya uamuzi, pamoja na jina la mleta hoja, idadi ya kura na tarehe, iandikwe kwa Kiswahili siku ile ile na karani yule yule, isomwe na Spika kabla ya kikao kuvunjwa, na ibandikwe katika ofisi ya kila wadi. Wajumbe wakiisikia kwa lugha wanayoombea kura, watajua papo hapo kama ndicho walichokiamua. Sidhani kwamba kikao kimoja kitatoa sentensi kama hizo zaidi ya kumi.

Upande wetu walimu hatuhitaji kuingoja serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika asaidiwe na afisa husika kuliandika. Afisa anatakiwa atoe jibu katika muda wa siku 21. Muhula mmoja una nafasi ya kutosha. Badala ya kuwapa wanafunzi mkutano wa chama cha kubuni cha kuhifadhi mazingira, ambao hukubaliana kila mwaka kwamba miti ipandwe, waandikieni barua pamoja kwa karani wa bunge la kaunti yenu, kwa Kiswahili, mkiomba nakala ya azimio moja linaloihusu wadi iliyo karibu na shule: barabara, soko, choo cha umma, chochote. Ikija, igaweni darasani. Waulizeni wanafunzi watafute kitenzi kikuu, waseme kama ni kutambua au ni kuazimia, wamtaje mtenda, kisha waiandike upya kwa Kiswahili ambacho mama zao wataweza kukifuata. Nimelifanya zoezi hili chuoni kwa miaka mitatu mfululizo. Mwaka wa kwanza barua zetu sita zilipata majibu mawili. Mwaka uliopita zilipata manne, na moja kati ya hayo manne liliandikwa kwa Kiswahili.